Laptopu nzuri, bawaba mbovu: pesa yangu ilienda wapi?

Mwenye_Laptopu

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, na kidogo nimekuja kulia.

Nina laptopu niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Nyembamba, kifuniko cha alumini, ukingo wa kioo mwembamba kama ukucha. Waranti mwaka mmoja. Mwezi wa kumi na nne naifungua asubuhi, nasikia "tak!" Kona ya kushoto imefumuka, plastiki ya chini imepanuka mdomo, na nyaya naziona.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Iliwahi kudondoka? Hapana. Tuma picha. Nikatuma saba. Jibu likaja kwamba huo ni uharibifu wa mtumiaji, na hata hivyo waranti imeisha. Nikitaka kutengenezewa, wanabadilisha kioo na kifuniko kwa pamoja pamoja na kasha la chini, karibu nusu ya bei niliyonunulia. Kioo chenyewe kizima kabisa!

Hivi urembo, bei na huduma haviwezi kukaa nyumba moja? Au ni mimi niliyechagua vibaya?

Bisibisi

Pole sana mkuu. Nimetengeneza laptopu miaka mingi na hiyo "tak" naijua hata nikiwa usingizini.

Ndani ya kasha la chini kuna vikombe vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Skrubu za bawaba zinaingia humo. Bawaba yenyewe ni chuma, na imekazwa kwa makusudi ili kioo kisiyumbe unapoandika. Ikizidi kukaza, kila ukifungua nguvu inatoka kwenye chuma inakwenda kwenye plastiki. Chuma hakivunjiki, kwa hiyo plastiki ndiyo inayoachia na kikombe kinang'oka na skrubu yake.

Sasa jiulize kifuniko ni cha alumini kwa nini, na vikombe vikae kwenye plastiki kwa nini. Kifuniko unakigusa dukani. Vikombe huvioni. Bei ya kuuzia ikishapangwa, pesa inaenda kwanza kule ambako macho ya mnunuzi yanafika.

Mbio za wembamba zilipamba moto 2008, Steve Jobs, bosi wa Apple, alipochomoa laptopu yao ya MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi. Kilo 1.36, na bei ya kuanzia dola 1,799, wakati huo. Mwaka 2011 Intel, watengeneza chipu za kompyuta, wakaja na jina la Ultrabook kwa laptopu nyembamba, wengine wote wakafuata. Mimi sina ugomvi na wembamba. Ugomvi wangu ni kwamba milimita hizo zimekatwa kwangu mimi fundi: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imechomelewa kwenye bodi kuu, betri imegundishwa, kibodi imepigwa riveti kwenye kasha. Kitufe kimoja kikifa, unaagiziwa kasha zima. Huyo binti au kijana wa kwenye simu unayemkasirikia hana la kukusaidia, kwa sababu spea ndogo unayoitaka haikutengenezwa kama spea. Huduma yako iliamuliwa siku ile mchoro ulipochorwa.

Hata matajiri yamewakuta. Mwaka 2015 Apple walileta kibodi ya "kipepeo" ili laptopu iwe bapa zaidi. Vumbi kidogo, herufi inakwama au inajiandika mara mbili. Mwaka 2018 wakaanza kutengeneza bure, mwishoni mwa 2019 wakaanza kuiacha, na 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi Marekani. Milimita ni ghali, jamani.

Mtu_wa_Manunuzi

Nanunua mashine za ofisi. Fundi kasema kweli, ila kuna upande anausahau. Kampuni ileile ina milango miwili. Laptopu za biashara mara nyingi zinauzwa na mkataba wa miaka mitatu, fundi anakuja mezani kwako. Za nyumbani unapewa mwaka mmoja na muziki wa kusubiri kwenye simu. Huduma si ukarimu, imeshalipiwa kwenye bei, au haijalipiwa.

ThinkPad, laptopu ya ofisini, ni mfano wangu. Ilitoka 1992, nyeusi tii, mbunifu wake Richard Sapper akiwaza kasha la chakula la Kijapani. Hakuna anayeiita mrembo. Lakini mwongozo wa kuifungua, skrubu kwa skrubu, upo wazi kwa kila mtu. Msiisifie sana hata hivyo, X1 Carbon, ile ThinkPad nyembamba, nayo RAM yake imechomelewa.

Mgongo_Unauma

Mie nabeba mashine siku nzima. Nipeni nyepesi, mengine tutajuana mbele ya safari.

Bisibisi

@Mgongo_Unauma haki yako kabisa. Ila kampuni ya Framework tangu 2021 wanauza laptopu nyembamba ambayo unabadilisha kioo, kibodi na betri kwa bisibisi moja inayokuja kwenye boksi. Kwa hiyo wakisema haiwezekani, usikubali upesi. Bei yake si ya kuokota, lakini. Ufaransa nako tangu Januari 2021 laptopu inauzwa na alama ya 0 hadi 10 ya urahisi wa kutengenezeka, na bei ya spea imo kwenye hesabu. Hata usiponunua huko, itafute alama ya modeli unayoitaka kabla ya kutoa pesa.

@Mwenye_Laptopu usilipe hiyo nusu bei. Toa kasha la chini, chomoa betri kwanza, kisha utuambie vikombe viko wapi.

Mwenye_Laptopu

Nimefungua. Viwili bado vimeng'ang'ania skrubu, cha tatu kilikuwa kinacheza karibu na feni. Namshukuru Mungu hakikuingia.

Bisibisi

Safi. Legeza nati ya bawaba robo mzunguko kabla ya kitu chochote, la sivyo itang'oa tena. Halafu gundi ile ya mirija miwili ya kuchanganya, vikombe vikiwa vimekaa kwenye skrubu ili vinyooke. Saa 24 usiiguse, hata ukitamani.

Mwenye_Laptopu

Nimeshaichanganya. Kidole kimoja kimegandana na bisibisi, naandika kwa mkono wa kushoto.