Waandaaji wa "safari za kihistoria" za ngalawa Kunduchi–Mbudya, acheni kutuzamisha kwa kisingizio cha uhalisia

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira, anayetaka lugha laini apite tu.

Matangazo yanasambaa kila mara: njooni wikiendi, mvae kama watu wa Kilwa ya 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika huko, mpige kafi taratibu hadi kisiwa cha Mbudya, mle, mpige picha, jioni mrudi. Wazo zuri sana. Utekelezaji ni aibu.

Mshiriki akiuliza majaketi okozi yako wapi, anajibiwa kwamba mwaka 1331 hayakuwepo. Haya. Na hilo tanga la turubai la bluu lilikuwepo? Kamba za nailoni je? Chakula cha mchana ni ugali, mihogo ya kuchoma na kachumbari ya nyanya, wakati mahindi, muhogo na nyanya asili yake ni Amerika na huku vilifika baada ya Wareno kuingia pwani hii mwaka 1498. Khanga mnazowafunga akina dada ni vazi la karne ya 19. Yaani uhalisia wenu unakuwa mkali pale tu unapowapunguzia gharama! Jaketi huvaliwa juu ya kanzu na kufungwa mikanda yote, kisha unatupia shuka jepesi begani lisilofungwa fundo. Kwenye picha jaketi halionekani, na mtu akianguka majini shuka linatoka lenyewe.

Hilo ni dogo. Kubwa ni maji.

Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Dar hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Juma moja baadaye ni maji mafu, na hapo mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo yamejaa, na tofauti yenyewe ni ndogo. Kila mvuvi pale sokoni Kunduchi anajua hili bila kuangalia simu. Nyie mnachagua mwezi mpevu kwa sababu picha za jioni zinapendeza, halafu mnaita watu saa nne asubuhi! Ngalawa imelala kwenye mchanga, watu wanaisukuma mamia ya mita juu ya majani ya bahari, miguu peku kwa ajili ya uhalisia, wanakanyaga yale madude ya miiba inayokatikia unyayoni. Hata safari haijaanza watu wameshachoka.

Kurudi ndiko kubaya zaidi. Mbudya iko mashariki ya Kunduchi, kama kilomita tatu. Wageni wa kafi hutumia saa nzima bahari ikiwa imetulia. Juni hadi Agosti kusi linavuma kutoka kusini-mashariki na alasiri huzidi, kwa hiyo wakati wa kurudi upepo na mawimbi vinawapiga ubavuni kushoto na kuwasukuma kaskazini. Mnalenga Kunduchi, mnajikuta mnaitazama Ununio. Dawa yake inajulikana: chagueni wikiendi ya maji mafu, ondokeni saa moja na nusu asubuhi wakati maji yanajaa, mkiondoka kisiwani msipitishe saa sita, na omo (mbele ya chombo) muielekeze kusini ya pale mnapotaka kufika. Na saa za maji husogea karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumamosi msiinakili kwa Jumapili.

Ngalawa zenyewe sasa. Kwanza, acheni kuiita mtepe. Mtepe ni chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) bila msumari hata mmoja, na tanga lake ni la mkeka, la pembe nne. Hii ya kwenu ni gogo la mwembe lililochongwa, lina mirengu miwili (miti iliyokingamishwa) na matengo yake (mbao za pembeni zinazoelea), na tanga la pembe tatu. Zote zina heshima yake, ila si kitu kimoja.

Pili, angalieni vifungo. Mrengu hushikwa na kamba tu. Nailoni ikilowa huteleza na kuvutika, na baada ya nusu saa ya mawimbi fundo linaanza kucheza. Unalisikia kabla hujaliona: kwi, kwi, kwi, kila mnapopanda wimbi. Tengo la upande huo linapinda, linachota maji badala ya kuelea, chombo kinainama, na abiria kwa hofu wanahamia wote upande mmoja. Hapo mmekwisha. Fungeni kwa usumba uliolowekwa kwanza, vuteni kwa mguu, kisha mtu mzima ategemee mrengu kwa uzito wake wote kabla hamjatia maji.

Tatu, idadi. Ngalawa ya watu watano haipakii wanane pamoja na mitungi na sanduku la majambia. Kipimo ni chepesi: wote wakishakaa, ukingo ubaki shibiri moja juu ya maji. Usipobaki, mmoja ashuke. Mitungi ifungwe chini kabisa katikati, na kila chombo kiwe na upo, yaani kata ya kutolea maji yanayoingia. Hamna upo wa mti? Kateni dumu la lita tano mshazari.

Wanaume, kanzu ya pamba ikilowa ni nzito na hunasa miguu. Wenye kazi ya bahari hupiga uwinda, yaani nguo hupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa kiunoni. Mbona hilo la kihistoria hamlitaki?

Chakula nacho kipo kwenye maandishi. Ibn Battuta alipita Mogadishu safari hiyohiyo akaeleza alicholishwa: wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Vyote viko Kariakoo, na samli haivunji benki ya mtu.

Halafu kupanda juu ya makaburi ya magofu ya Kunduchi kupiga picha mkome. Mbudya nayo ni eneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo "zawadi ya kombe la baharini kwa kila mshiriki" ni kuwatia watu matatani.

NYONGEZA: Kwa anayeuliza kama ngalawa ya faiba inafaa. Inafaa, na kwa wanaoanza ni bora, mradi vifungo ni vilevile na mseme kwenye tangazo kwamba ni ya faiba. Kwa aliyeandika "bahari haina mwenyewe, mbona mnalalamika", jibu swali moja tu: tarehe mliyotangaza mwezi ujao ni bamvua au maji mafu?