Kulisha ndege bustanini wakati wa baridi Uingereza: tuendelee au tuache?

Mleta mada: Swali ni kwa wenye bustani Uingereza. Tangu 2005 trikomonosi, ugonjwa unaoletwa na kimelea, inawaua chiriku wa kijani, na mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Mwaka 2025 shirika la kulinda ndege la RSPB, ambalo limehimiza ulishaji miaka mingi, lilisitisha kuuza meza bapa za kulishia. Kimelea hukaa kooni. Ndege mgonjwa hudonoa mbegu, hushindwa kumeza, huitema ikiwa imelowa mate, na mwenzake huiokota. Msimamo wangu: tusiwalishe kabisa. Porini chiriku hawali kila siku kwenye sahani moja na njiwa, ambao ndio wabebaji wa zamani wa kimelea hicho.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, ugonjwa upo, ila usiwanyime chakula Januari. Kijidege mwenye utosi wa buluu na kifua cha njano ana gramu 11 hivi. Usiku mmoja wa baridi kali humpunguzia asilimia 5 ya uzito au zaidi, na mchana wa kuurudisha una urefu wa saa nane tu.

Tatizo ni namna tunavyolisha. Weka kinachoisha kwa siku moja au mbili, usijaze hadi juu. Kila wiki mwaga mabaki, sugua chombo kwa maji ya moto yenye sabuni, kiloweke kwenye jiki (sehemu moja kwa tisa za maji), suuza, kisha kiache kikauke kabisa. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Kimelea hiki hakistahimili ukavu, lakini kwenye mbegu zenye unyevu kinaishi. Osha nje ukiwa na glavu, si kwenye sinki la jikoni, maana kuna bakteria wa salmonela pia. Hamisha na mahali pa kuning'iniza, kinyesi kisirundikane chini.

Mchangiaji wa pili: Namuunga mkono mleta mada, kwa sababu nyingine: vyombo vyetu vinawabeba wababe. Huyo wa utosi wa buluu akivuka baridi kwa wingi, masika humnyang'anya nduguye, Poecile montanus, tundu alilojichimbia kwenye mti uliooza. Nduguye huyo ametoweka sehemu nyingi za kusini mwa England. Mwingine, Sylvia atricapilla wa Ujerumani, zamani alikimbilia Hispania wakati wa baridi, na sasa baadhi yao huja Uingereza kufuata vyombo hivi. Tumegusa hadi njia za uhamaji, na bado tunajiita watazamaji tu.

Mchangiaji wa tatu: Mkiendelea, basi tazameni mnachoweka. Karanga ziwe bila chumvi na zilizopimwa sumukuvu. Zikishaota ukungu zitupwe, kwa sababu kuzianika hakuondoi sumu. Ziwekwe kwenye wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, ndege amegue vipande badala ya kubeba punje nzima. Madonge ya mafuta yatoeni kwenye vifuko vya nailoni, kucha hunasa humo. Shahamu ya ng'ombe inafaa kwa kuwa huganda vizuri. Mafuta yaliyobaki kwenye trei ya kuokea nyama yana chumvi, hubaki laini na kupaka manyoya, na manyoya yaliyoshikana hayazuii baridi. Maji yawe na kina cha sentimita 2 hadi 10. Barafu ivunjwe asubuhi, na msitie chumvi ili yasigande.

Mchangiaji wa nne: Bustani yenyewe inalisha. Acheni vichwa vya alizeti vilivyokauka na majani yaliyodondoka hadi Machi. Mtambaazi wa ivy huivisha matunda mwishoni mwa baridi, mengine yakiwa yamekwisha. Chakula kilichotawanyika hakikusanyi umati, na mate hayafiki kwa mwingine kirahisi.

Mleta mada: La ivy nalikubali. Ila wanaoning'iniza wajibu: ukimwona ndege amevimbisha manyoya, mdomo umelowa, haruki hata ukimkaribia, utafanya nini? Naona ni lazima kushusha vyombo vyote na kumwaga maji siku hiyohiyo, kwa wiki 2 angalau, na kumwarifu jirani, kwani kundi litahamia kwake.

Mchangiaji wa kwanza: Wiki 2 sawa. Zikipita bila kuonekana mgonjwa mpya, rudisha chombo kimoja chenye chakula kidogo, mahali tofauti na pa mwanzo. Meza bapa isirudi.