Mrejesho: MRI kabla ya upasuaji wa saratani ya titi

Wakuu, niliuliza kama MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ina faida kabla ya upasuaji wa kuhifadhi titi, kwa mgonjwa mwenye saratani ya lobula (inayoanzia kwenye tezi za maziwa) na titi lenye tishu nzito. Ahsanteni sana kwa majibu.

Tulifuata ushauri: kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, kisha MRI kati ya siku ya 7 na 14 ya mzunguko wa hedhi, maana nje ya hapo hata tishu za kawaida hung'aa kwa gadolini (dawa ya kung'arisha picha) na kuzua madoa ya uongo. Picha ilionyesha uvimbe mkubwa kuliko ulivyoonekana kwenye mamografia (eksirei ya titi), pamoja na doa la pili. Aliyesisitiza "msitoe titi kwa sababu ya picha tu" abarikiwe: ultrasaundi ya kulenga ililipata doa, baiopsi (kupima kipande cha tishu) ikasema fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Titi limebaki.

Ila baada ya upasuaji, ukingo mmoja wa nyama iliyotolewa ulikutwa na seli za saratani, ikabidi akatwe tena. Sasa kingo ni safi. Hata utafiti wa COMICE wa Uingereza (2010, wanawake 1,623) haukuona MRI ikipunguza upasuaji wa marudio. Kwa saratani ya lobula bado ningeiomba, mradi baiopsi ya doa jipya ifanyike upesi.