Bodh Gaya na Kolo: patakatifu hubadilikaje?

Muulizaji, Dodoma: Ndugu zangu, hekalu la Mahabodhi huko Bodh Gaya, India, mahali ambapo Buddha anaaminika kupata mwangaza, lilishikwa kwa karne kadhaa na watawa wa Kihindu. Je, maana yake ilipotea?

Jibu, Singida: La, ndugu yangu, kwani Wahindu wengi humheshimu Buddha kama umbile la Vishnu, mmoja wa miungu wao wakuu. Dharmapala, mwanaharakati wa Kibuddha wa Sri Lanka, alifika hekaluni mwaka 1891, akaanza kulidai kwa niaba ya Wabuddha, na sheria ya mwaka 1949 ikaunda kamati ya pande zote mbili. Naona madai ya Wabuddha yana uzito.

Jibu, Kondoa: Hata kwetu Kondoa mambo ni hayo: michoro ya miambani ya Kolo iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilhali wazee bado hutambikia pale Mungomi, moja ya miamba yenye michoro hiyo, wakimwaga pombe ya kienyeji ambayo wahifadhi huilalamikia. Wazee wasikilizwe kwanza.