Tupeane uzoefu: parokia zetu za zamani, Goma na Bukavu

Mutoto wa Birere: Mvua imetufungia ndani, mama ameanza nyimbo za korali ya Katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ile iliyoliwa na lava. Wenye mulisali pale, leteni yenu.

Chukudu: Niliimba sauti ya tatu pale. Vibaya.

Mama Neema: Umenigusa, mwanangu. Alhamisi ile, tarehe 17 Januari 2002, tulikuwa na mazoezi jioni. Toka asubuhi watu wanasema mlima wa moto, Nyiragongo, umepasuka, sisi tunajibu haitafika mjini, 1977 haikufika. Ikakata uwanja wa ndege, ikashuka katikati ya mji. Ilikuja polepole, ndiyo ilituponza: watu wakarudi kutoa magodoro. Mimi nilirudia cherehani. Kufika bariera ndogo, pale mpakani na Rwanda, msukumano, mkono wa Neema ukanitoka. Alikuwa na miaka minne. Usiku mzima Gisenyi naita jina, anga nyekundu, ardhi inatetemeka, na kila mama anaita jina lake. Asubuhi nikasikia watoto wanaimba wimbo wa Komunyo. Mama mmoja wa shirika letu alikuwa amewakusanya, anawaimbisha makusudi ili wazazi wafuate sauti. Neema alikuwa amelala mgongoni kwake.

Tuliporudi tulikanyaga lava bado ya moto, viatu vinalainika. Katedrali haina paa, ndani mawe meusi yamejaa, kuta zimesimama. Cherehani ninayo mpaka leo.

Kivu Kwetu: Mama, pole sana 🙏

Chukudu: Yule mama wa shirika angepewa barabara kwa jina lake.

Muzee wa Kadutu: Pole, mama. Lakini tukisema zamani, jimbo la Goma lilitoka jimbo la Bukavu mwaka 1959 tu. Mkubwa ni Bukavu.

Mutoto wa Birere: Muzee, ndiyo imeanza. Hapa hatupimi umri.

Muzee wa Kadutu: Sipimi. Nasema kwetu pia kuna kilio. Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, barabarani mjini. Mpaka leo nikiingia Katedrali ya Notre-Dame de la Paix namtafuta kwa macho pale mbele.

Kivu Kwetu: Kweli kabisa, muzee.

Dada wa Virunga: Parokia ni za Wakatoliki peke yao? Sisi Wabaptisti wa CBCA nasi tulikimbia lava ileile.

Chukudu: Lava haikuuliza kadi ya ubatizo.

Binti Katindo: Kumbe kadi! Yangu iliungua na nyumba 2002, sasa nataka kufunga ndoa. Nifanyeje?

Muzee wa Kadutu: Rudi parokia ulikobatizwa, waangalie kitabu.

Kivu Kwetu: Acha, utazungushwa. Batizwa tena, yaishe.

Mama Neema: Usimpotoshe! Ubatizo haurudiwi. Kitabu kisipopatikana, sheria ya Kanisa inakubali shahidi mmoja wa kuaminika, hata kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa mtu mzima. Mama wa ubatizo yupo?

Binti Katindo: Yupo Sake, ila tuligombana juu ya deni.

Chukudu: Lipa deni, dada. Ni rahisi kuliko mahari.

Dada wa Virunga: Au njoo kwetu, tunabatiza watu wazima ziwani.

Mama Neema: Wewe dada!! Binti, niandikie pembeni, nitakusindikiza kwa padri.