Kubadili 0.1 kuwa baineri (namba za tarakimu 0 na 1 tu): kwa nini hesabu haiishi?

Muulizaji:
Ndugu wataalamu, habari zenu. Namba nzima sina shida nazo: nagawanya kwa 2, naandika masalio, kisha nayasoma kuanzia la mwisho, na hivyo 13 inakuwa 1101. Kwa sehemu za desimali nazidisha kwa 2 na kuchukua tarakimu inayotokea kushoto mwa nukta; 0.625 ilinipa 0.101 bila taabu. Lakini 0.1 nimejaza nayo ukurasa mzima na haijaisha. Nakosea wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Hujakosea popote, ndugu. Tazama mazao yako: 0.2, 0.4, 0.8, 1.6, kisha unabaki na 0.6 inayotoa 1.2, na 0.2 inayobaki inakurudisha ulikoanzia. Jibu ni 0.000110011…, ambamo 0011 hujirudia milele.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea sababu. Sehemu huisha katika baineri pale tu ambapo asili yake (namba ya chini), ikishafupishwa, ni kipeo cha 2 (2, 4, 8, 16…), kama 0.625 yako, yaani 5/8. Asili ya 1/10 ina 5 ndani yake, na hiyo 5 ndiyo inayozuia. Kwa kuwa kompyuta hulazimika kukata mahali fulani, lugha nyingi za programu hujibu 0.30000000000000004 ukijumlisha 0.1 na 0.2. Ukiandika programu ya fedha, tafadhali hifadhi senti kama namba nzima.

Muulizaji:
Nimeelewa, nashukuru sana. Kumbe ule ukurasa ulikuwa sahihi.