Vox ya ami yangu: huyu Jennings ni nani?

MwanaKibokoni: Hamjambo wapiga gitaa. Ami yangu amehamia Lamu, akaniachia amplifaya aliyokuwa akipigia kwenye hoteli za Nyali. Nzito kweli, spika mbili za inchi 12, kitambaa cha mbele kina nakshi ya almasi. Mbele pameandikwa Vox, lakini kibati cha nyuma chasema Jennings Musical Industries, Dartford, Kent. Kwani Vox si ya Wajapani? Tena fundi mmoja wa mtaani ataka kuzing'oa valvu zote, zile taa za kioo za kukuza sauti, atie saketi ya kisasa, ati itakuwa nyepesi. Nimpe?

ValvuMoto: Usimpe, tafadhali! Tom Jennings alikuwa na kampuni ya vinanda hapo Dartford, Uingereza. Dick Denney, mwenyewe mpiga gitaa, akamuundia amplifaya ya AC15 mwishoni mwa miaka ya 1950. Wati 15. Bendi ya The Shadows walipokuwa wakipiga kumbini, kelele za mashabiki zikiwafunika, ikabidi nguvu ziongezwe maradufu, ndipo AC30 ikazaliwa 1959: valvu nne za EL84 badala ya mbili. Beatles wakazichukua 1962, na dunia nzima ikazitaka.

Sasa sikiliza kwa nini fundi asiguse. Denney hakuweka ule mzunguko unaorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuituliza. Ukigusa nyuzi polepole, sauti yatoka safi, yameta. Ukizichapa, valvu zaanza kukwaruza, na mkono wako ndio unaoamua kiasi gani. Hilo hulipati ukishazing'oa.

Kuhusu Wajapani hukukosea. Jennings aliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa Royston 1964, akaondoka 1967, kisha jina likapita mikononi mwa watu chungu nzima hadi Korg wa Japani wakalinunua 1992. Amplifaya yako ni ya enzi ya Jennings mwenyewe. Hebu angalia nyuma: pana vitufe viwili vimetiwa peke yake? Hiyo ni Top Boost, waliyokuwa wakiibandika baadaye wateja walipolalamika sauti haina makali.

BiUmeme_Tudor: Mwanangu, usiiwashe bado. Kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani, za umri huo hukauka, na hushika mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hivyo usitie kidole ndani. Kiteuzi cha volti kiwe kwenye 240. Na chumvi ya bahari hula soketi za valvu, zisafishwe kwanza. EL84 mpya zatengenezwa mpaka leo, JJ wa Slovakia wanazo.

MwanaKibokoni: Shukran sana, nanyi mama. Vitufe viwili vipo nyuma, trebo na besi, kwenye kibati kidogo chake! Fundi nimeshamkataza. Kuna anayejua mtu wa valvu hapa kisiwani, au hata Likoni? Naweza kuivusha kwa feri.

ValvuMoto: Nitumie ujumbe. Na valvu zisitoke kwenye soketi zake njiani, zifunge kwa kitambaa.